Kidole Kilichohesabu Ng'ombe

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kupima umaskini wa watu wengine. Nilitembea Kajiado kutoka boma hadi boma nikiwa na kofia ya afisi, tableti ya afisi na maswali ya afisi. Jioni nilirudi Kitengela kwenye nyumba yangu ya kupanga, ambayo kama ningejipima mwenyewe ingepata alama nzuri ajabu. Nilikuwa na vigae sakafuni, stima, choo cha ndani na mfereji jikoni. Kwamba mfereji ule ulitoa maji ya kisima yenye chumvi, na chai yangu ilikuwa na ladha ya sabuni, hakuna aliyewahi kuniuliza.

Hojaji yenyewe ilikuwa rahisi. Paa ni la nini? Sakafu ni ya nini? Kuna sola? Kuna runinga? Mifugo mingapi? Kila jibu lilikuwa na alama zake, na mwishoni tableti ilijumlisha yenyewe ikaonyesha rangi. Rangi nyekundu ilimaanisha kaya ni maskini na iwekwe kwenye orodha ya msaada, na upande ule wa ukavu msaada ulikuwa lori la maji kila Alhamisi. Rangi ya kijani ilimaanisha kaya imeendelea, na jina litolewe. Sisi tuliotumwa tulibonyeza tu.

Kuna boma moja ng'ambo ya Kisaju nililolipima mara mbili. Mwenye boma alikuwa bibi mjane, mrefu, masikio yake yamevutwa na shanga, na kila mtu pale alimwita koko, yaani nyanya kwa Kimaasai. Nami nikamwita hivyo. Siku ya kwanza nilifika saa nne asubuhi, nikainamisha kichwa nikasema, "Takwenya, koko." Akaitikia, "Iko," akaniwekea kiganja utosini, mimi mtu mzima mwenye watoto wa sekondari. Nyumba yake ilikuwa ya zamani, ya fito na samadi, ikinuka moshi na maziwa. Aliishi hapo na mwanawe na mke wa mwanawe. Alinimiminia maziwa kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa kaa la mti wa oloirien, na kwa muda nikasahau kwamba nimekuja kumtafutia umaskini.

Kisha tukafika kwenye swali la mifugo.

"Koko, uko na ng'ombe ngapi?"

"Wako."

"Najua wako. Lakini ni ngapi?"

"Kuna ile nyekundu iko na nyota kwa uso. Kuna mama yake. Kuna ile nyeusi ya tumbo nyeupe, tulinunua Kiserian, hiyo ni mkorofi sana. Kuna ile ya pembe moja."

Akaendelea hivyo, huyu akimsifu, yule akimteta, na tableti ikinisubiri. Ilitaka namba. Haikuwa na mahali pa kuandika mkorofi.

Ng'ombe walikuwa wakitoka zizini kwenda malishoni, kengele zikilia shingoni. Nikaona njia ya mkato. Nikanyoosha kidole, nikawahesabu kwa sauti mmoja mmoja, kama mwalimu anayehesabu madaftari. Nilipofika kumi na nne koko alikuwa ameshainuka. Alikishika kidole changu akakikunja polepole mpaka kikaingia kiganjani, akakishikilia hapo. Jua lilikuwa kali, na mkono wake ulikuwa baridi.

"Hapana hesabu," alisema. "Ukihesabu, kuna mwingine anasikia."

"Nani, koko?"

Koko alikuwa akitazama upande wa bwawa, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Nikaona kwamba ng'ombe nao wamesimama, wote, vichwa vimeelekea upande ule ule. Kengele zilinyamaza. Sijui ilichukua muda gani. Halafu yule mkorofi akakohoa, akapiga hatua, na wengine wakamfuata.

Niliona aibu, kwa sababu sikuwa mgeni wa jambo lile. Nyanya yangu mwenyewe, kule Murang'a, alizaa watoto kumi na hakuwahi kutamka kumi. Alikuwa akisema tisa iliyojaa, ili asiyetakiwa kusikia asisikie. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini mimi nilikuwa nimefunzwa. Nilisahau kwa sababu ya mshahara.

Wakati wa kuondoka koko aliniuliza jambo moja tu. "Hii kitu yako italeta maji?"

"Italeta, koko."

Rangi ilitoka nyekundu, na Alhamisi iliyofuata lori likaja. Nilijivuna sana. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nilijiambia, na mgeni mwenyewe ndiye mimi.

Niliporudi mara ya pili miaka miwili ilikuwa imepita, na mvua haikuwa imepita nayo. Kando ya barabara ya Namanga mifupa ya ng'ombe na ya punda milia ililala pamoja. Bwawa lililokuwa chini ya boma lilikuwa limekauka mpaka udongo ukapasuka. Watu walilaumu mbingu, na mbingu ilistahili, lakini korongo lililokuwa likileta maji bwawani siku za mvua lilikuwa limekatwa na kuta. Kila aliyenunua kiploti juu kule alijenga ukuta wake. Mimi pia niko na kiploti huko, futi hamsini kwa mia, na ukuta niliujenga kabla hata ya kufikiria nyumba.

Ng'ombe wa koko wengi walikufa, waliosalia wakauzwa wakiwa mifupa mitupu. Ardhi nayo iliuzwa kipande baada ya kipande. Mwanawe hakuwa mtoto mbaya, nisije nikamsingizia. Pesa za ardhi alizitumia kumjengea mama yake nyumba ya mawe yenye mabati mekundu, vigae, sola, runinga na geti la chuma. Yeye na mkewe wakahamia Kitengela kutafuta kazi, na kila Jumamosi alikuja kwa pikipiki kumwona.

Nilisukuma geti nikaingia, nikahisi kuna kitu kimepungua ambacho sikuweza kukitaja. Nilikaa nusu saa kwenye kochi jipya ndipo nikatambua. Hapakuwa na nzi. Nimeingia maboma mengi na kila mara nimewalaani nzi, lakini siku hiyo ningefurahi hata mmoja angenitua usoni. Kimya kile kilinijaa masikioni mpaka nikakohoa makusudi.

Zile kengele koko alikuwa amezining'iniza kwenye ua wa miiba wa zizi la zamani. Saa kumi, nikiwa bado naandika, aliinuka bila kuniaga akaenda kufungua mlango wa zizi. Nilimfuata. Alisimama pembeni akaanza kuita kwa Kimaasai, sauti ya chini, akitulia kila baada ya wito. Hapakuwa na upepo. Vumbi lilikuwa limelala chini. Kengele ya kwanza ililia kidogo, halafu ya pili yake, zikafuatana hivyo kuzunguka ua. Koko akanyoosha mkono akapapasa hewa, mara moja, na nyingine, kwa kimo cha mgongo wa ng'ombe. Kisha akasogea kando kumpisha mmoja.

Nami nikasogea. Mpaka leo hilo ndilo linalonitisha, kwamba miguu yangu ilisogea kabla sijafikiri.

Alifunga mlango wa zizi, tukarudi sebuleni, na mimi nikaendelea na maswali. Paa la mabati. Sakafu ya vigae. Sola iko. Runinga iko. Kwenye mifugo niliandika sifuri, na hapo ndipo niliposhangaa, kwa sababu sifuri ile haikupunguza chochote cha maana. Kila kitu kilichomtoka bibi yule kilirudi kwenye fomu kikiwa alama. Ng'ombe waliokwenda walikuwa mabati, ardhi iliyokwenda ilikuwa vigae. Hakuna swali lililouliza kama kuna nyasi, kama bwawa lina maji, au kama kuna mtu wa kumwambia habari za asubuhi. Rangi ikatoka kijani.

Nilijua maana yake, na kidole kilikaa juu ya kioo muda mrefu. Ningeweza kudanganya sakafu, lakini tableti ilitaka picha za sakafu na paa, na msimamizi wetu alikuwa mtu wa kukagua picha. Nilikuwa na karo ya kulipa. Niliandika ukweli mtupu, nikabonyeza kutuma, na ninajua vizuri nilikuwa mwoga.

"Hongera, koko," nikamwambia. "Umeendelea."

Alitabasamu kwa adabu, kama mtu aliyepewa zawadi asiyojua matumizi yake. "Na maji itaendelea kuja?"

"Tutaona."

Mwaka uliofuata afisi ilituita kwenye semina katika hoteli moja mjini Kajiado. Tulikunywa chai na mandazi, na mtaalamu mmoja mpole akatueleza kwamba fikra zimebadilika. Maendeleo si paa peke yake, alisema. Mtu anaweza kuwa na nyumba nzuri juu ya ardhi iliyokufa, na hapo hajaendelea kokote. Kwa hiyo hojaji mpya itauliza kuhusu nyasi na miti, umbali wa maji, nani alikutembelea wiki hii, unalala vizuri au hulali. Niliposikia hayo machozi yalinilengalenga, na jirani yangu akadhani nimeungua na chai. Nilimfikiria koko kwenye kochi lake. Hatimaye nitakuwa na maswali ya kumuuliza.

Tulipopewa tableti nilitafuta boma lake kwenye orodha. Halikuwepo. Nikamwendea msimamizi.

"Hao ni wa kijani, madam," alisema. "Walishahitimu, wamefungwa kwa system. Sisi tunaangalia mbele."

"Na kama mtu amerudi nyuma?"

"Hiyo option hakuna."

Nilipangiwa maboma ya jirani za koko. Mzee wa kijiji alikuwa ametangaza kanisani kwamba watu wa tableti watapita wiki ile. Jumanne, nilipomaliza boma la mwisho, nilimwambia mwenye bodaboda anishushe kwa koko, orodha au hakuna orodha.

Kabla ya geti nikasikia harufu ya samadi mbichi. Moyo uliniruka kwa furaha. Nilidhani mwanawe amemnunulia ng'ombe, hata mmoja.

Geti halikuwepo. Lilikuwa limeng'olewa na kulazwa chini ya miiba. Nyumba ya mawe nayo sikuitambua mara moja. Ukuta wa mbele wote, kutoka chini hadi mkono wa mtu mrefu unapofika, ulikuwa umepakwa samadi na udongo, bado una alama za vidole. Juu ya hapo mawe yalibaki meupe, na juu yake mabati mekundu. Sola ilikuwa imelazwa chini kifudifudi. Ndani, vigae vilikuwa vimezikwa chini ya samadi iliyosawazishwa vizuri sana, kazi ya mwanamke aliyejifunza kusawazisha tangu utotoni, na runinga ilikuwa imefunikwa kwa ngozi kuukuu kwenye kona. Kochi lilikuwa nje, uani kwenye miiba.

Koko alitokea nyuma ya nyumba, mikono imejaa tope hadi viwikoni. Midomo yake ilikuwa imepasuka, ina utando mweupe.

"Takwenya, koko."

"Iko." Aligusa kichwa changu kwa kiwiko ili asinichafue. "Enkerai ai, mtoto yangu, umekuja. Sasa hii mashine yako iangalie vizuri. Si hii ni nyumba ya maskini?"

Nikamuuliza ni nani aliyemwambia afanye hivyo. Akasema lori lilipita Alhamisi moja, mbili, nyingi, bila kusimama. Mwishowe alisimama katikati ya barabara na mitungi yake, na dereva akamwambia: koko, nyumba yako ni ya mawe, wewe ni tajiri.

"Basi nikajua ni nyumba inakataza maji," alisema. "Imenichukua siku nne."

"Samadi umetoa wapi?"

"Kwa boma. Ile ya zamani, ya wao."

Samadi ya zizi lile ilikuwa kavu kama unga kwa miaka. Mtu hawezi kuipaka ukutani hivi hivi. Nilijua swali linalofuata, na sikutaka kuliuliza.

"Na maji ya kulainisha, koko?"

Alinionyesha kwa kidevu. Karibu na mlango mitungi ilikuwa imelala ubavu, vifuniko wazi. Ni ile aliyoleta mwanawe Jumamosi, maji ya wiki nzima, na hiyo ilikuwa Jumanne. Nilitoa chupa yangu kwenye mkoba nikampa, akanywa mafunda mawili akanirudishia, kwa sababu mgeni hanyang'anywi maji yake. Nilimlazimisha akamaliza. Nililia mbele yake, na sikuficha.

"Kengele ziko wapi?" nikauliza, kwa sababu ua ulikuwa mtupu.

"Nimeficha kwa sanduku. Mashine ikisikia kengele itasema niko na ng'ombe."

Alinionyesha. Kila moja ilikuwa imefungwa kitambaa, ulimi wake umekazwa ili usigonge. Halafu akafunga sanduku, akasimama katikati ya sebule, akauchukua mkono wangu. Kile kidole alichokikunja siku ya kwanza, safari hii alikikunjua yeye mwenyewe.

"Sasa hesabu," alisema. "Hesabu mimi. Hesabu yote."

Jina lake halikuwemo ndani ya tableti ile. Kioo kilikuwa cheusi, sikukiwasha hata. Nikahesabu. Nilielekeza kidole kwenye sakafu, ukuta, mtungi, mtungi mwingine, sufuria, na mwisho kifuani kwake, nikatamka moja. Kila nilipotamka nilibonyeza kioo kilichozimwa, naye akifuata kidole kwa macho. Wakati wa kutamka ile moja nilisikia kwamba nje kumetulia, utulivu ule ule wa asubuhi ya kwanza. Koko hakugeuka, na mimi sikuthubutu.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Maji inakuja lini?"

Nikasema, "Alhamisi."

Jioni ile nilimpigia mwanawe simu, akatoka kazini na pikipiki akampelekea mama yake mitungi miwili. Alisema angetaka kumchukua aje Kitengela, lakini mama ameshakataa mara tatu. Atawaacha na nani, huwa anauliza.

Alhamisi nilikodi pikapu Kitengela, nikajaza mitungi maji matamu kwenye kituo cha kuuza maji, nikaenda. Koko alikuwa amekaa kwenye kizingiti, amevaa shanga zake zote. Aliitazama pikapu, akamtazama dereva, akanitazama mimi.

"Hii si lori."

"Ni mtoto wa lori, koko."

Alicheka. Nadhani alijua kila kitu tangu Jumanne. Dereva aliteremsha mitungi akarudi kulala kwenye pikapu, na koko akauinua mtungi wa kwanza mwenyewe, akaukokota hadi kwenye hori la saruji la kunyweshea ng'ombe, akaumwaga wote. Akarudi akachukua wa pili.

"Koko, kunywa wewe kwanza!" Nilimfokea, nakiri. Nilikuwa nimetoka mbali na mitungi ile.

"Mwenye ng'ombe hawezi kunywa mbele ya ng'ombe," alisema, akamwaga.

Ndipo akachukua maji ya chai. Tulikaa mlangoni tukiwa tumeligeuzia hori mgongo, tukanywa chai ya rangi, sukari tele. Akaniuliza habari za watoto wangu bila kuuliza ni wangapi. Ilipokaribia saa kumi kengele zikaanza kulia nyuma yetu, karibu, za chini chini, za mnyama aliyeinamisha shingo. Sanduku lilikuwa ndani, mbele ya macho yangu, limefungwa. Koko aliendelea kunywa chai. Nilishika kikombe kwa mikono miwili, na sikugeuka mpaka ziliponyamaza.

Hori lilikuwa kavu. Mitungi miwili ilikuwa imemwagwa mle chini ya saa moja iliyopita, na sasa lilikuwa na unyevu chini tu. Lina ufa, nikajiambia, saruji ya zamani haikosi ufa. Nikapiga magoti nikapitisha kidole kwenye kingo zake na kwenye sakafu yake, pembe hadi pembe, nikiutafuta. Udongo uliolizunguka ulikuwa mkavu. Nilikuwa bado natafuta nilipohisi mkono baridi ukikishika kidole changu na kukikunja.

"Wacha," alisema koko. "Wamekunywa."

Alhamisi iliyofuata niliongeza mitungi miwili. Dereva wa pikapu aliniuliza hiyo miwili ni ya nani. Nikamwambia ni ya ng'ombe.